Mkeka wa sumaku si dawa ya presha, na neno "kurilaksi" halikutoi kwenye ukaguzi

Asalaam aleikum jamani. Siku hizi simu za malalamiko zimezidi kuhusu hivi vifaa vya kutuliza mwili kwa sumaku na umeme, mikeka, mikanda ya kiunoni, vile vya kuvaa kichwani ati upate usingizi, ndo maana ofisi yetu ya ukaguzi wa chakula na dawa hapa Zanzibar imetutaka tuandike. Najua wauzaji wengi ni vijana wanatafuta riziki na wanunuzi wanataka magoti yapumue tu, basi msinielewe vibaya, sijaja kumkamata mtu.

Kwanza hili la mionzi maana linanichosha. Kuna wanaosema mkeka unaleta saratani kama eksirei, na kuna wanaosema sumaku haiwezi kudhuru chochote, na wote wanatupigia sisi. Mawimbi ya hivi vifaa ni ya masafa madogo, si kama eksirei, wala hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili. Sumaku ya dunia yenyewe hapa kwetu ni maikrotesla 30 na kitu (hicho ni kipimo cha nguvu ya sumaku, milioni moja zake ndo tesla moja), na baadhi ya mikeka inacheza humo humo au juu yake kidogo. Sasa ile mashine ya hospitali ya kuchochea ubongo kwa sumaku, iliyoanza Sheffield kule Uingereza 1985 na Marekani wakaikubali kwa wagonjwa wa sonona 2008, inapiga kama tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 40,000 ya hiyo ya dunia, na anaisimamia daktari. Muuzaji anakuonesha video ya mashine ile halafu anakuuzia mkeka. Ni kuoneshwa boti ya Dar ukakatiwa tiketi ya ngalawa.

Sisemi sumaku haina kazi. Marekani tangu 1979 wameruhusu vifaa vyake kwa mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga. Lakini mfupa si kisukari, si presha, wala si nguvu za kiume, na mtu akilala juu ya mkeka akajisikia mwepesi alhamdulillah, ila vidonge vyake asiache. Kuna bi mkubwa mmoja aliacha vyake vya presha wiki tatu kwa sababu ya mkeka, wanawe wametuletea mkeka, yeye yuko wodini.

Halafu ile mashine ya kushika chuma mkononi, dakika moja kompyuta inatoa kurasa za ini, figo, tumbo, kila kitu. Tulipokamata moja hatukubishana na mwenyewe, tulikizungushia kile chuma kitambaa kibichi cha maji, tukaandika mwanamme miaka 45, tukabonyeza. Kitambaa kikatoka na ini dhaifu na upungufu wa kalsiamu. Mwenyewe akasema labda maji ya bomba.

La hatari khasa ni hili, na hakuna anayeuliza! Mwenye betri ya moyo asikaribie hivi vifaa kabla hajaonana na daktari wake, maana sumaku inaweza kuibadilisha mwendo wake. Vivyo hivyo mwenye kifafa, mjamzito, mwenye kipandikizi cha sikio au pampu ya insulini, au aliyetiwa chuma kichwani. Muuzaji hakuulizi, basi jiulize wewe.

Sasa utaratibu, someni polepole. Kifaa kinachodai kutibu, kupima au kukinga maradhi ni kifaa tiba, na mambo hayo yako chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar Na. 2 ya 2006. Hatuangalii kifaa peke yake, tunaangalia unachokisema. Ukiandika "kinatuliza" ni jambo moja, ukiandika kwenye status yako "kinamaliza kisukari" umeshakigeuza mwenyewe, na maboksi yote 40 yaliyo dukani yamegeuka nacho. Kibali kinaombwa kabla mzigo haujapakiwa, si ukishafika bandarini Malindi au Mkoani ndo unakuja mbio na risiti ya Guangzhou umeikunja mfukoni. Tunataka ankara, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, maelezo ya matumizi kwa lugha inayosomeka hapa (Kichina peke yake hapana), na lebo ya umeme ioneshe volti 230 na hezi 50, maana vya Marekani vya volti 120 ukivichomeka hapa vinaungua na mtu kalala juu yake. Mzigo usiokidhi unazuiliwa, unaweza kurudishwa ulikotoka au kuteketezwa, na kesi inaweza kufika mahakamani. Kuupitisha kwenye begi la nguo hakubadilishi kitu, begi tunalifungua.

Na ukituletea kifaa tukiangalie, njoo na boksi lake, karatasi zake na risiti. Wiki jana kaletwa mkeka peke yake, umefungwa kwenye kanga, lebo imekatwa na mkasi, tukaulizwa huu salama?