Kilomita 200,000 si mwisho wa gari

Wengi huamini kwamba gari likipita kilomita 200,000 limekwisha, liuzwe upesi. Namba hiyo peke yake haisemi mengi. Injini inayobadilishiwa oili kwa wakati huenda mbali zaidi. Hatari kubwa ni injini kuchemsha na kutu ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari.

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Chomoa kijiti cha oili, kisha fungua kifuniko cha rejeta. Oili yenye rangi ya maziwa, au oili inayoelea kwenye maji ya rejeta, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake) imeungua. Gonga chesisi kwa bisibisi. Ikitoboka, hilo ni zito kweli. Bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) na shokapu huchakaa tu, hubadilishwa. Kisha jumlisha risiti za matengenezo za miezi 12, ulinganishe na marejesho ya mkopo wa gari jingine kwa mwaka.