Tangi la Maji Juu ya Dari: Uzito Ushushwe Ukutani

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, jiji limekua haraka na mahitaji ya maji yameongezeka kuliko visima vya Mzakwe, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa chanzo chake kikuu, vinavyoweza kutosheleza. Maji yakitoka kwa mgawo, mwenye nyumba hununua tangi, na pale ambapo kiwanja ni kidogo au hofu ya wizi ni kubwa, hulipandisha chini ya bati, juu ya dari. Uamuzi huo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba dari inaweza kulibeba.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa hufikia tani moja bila kuhesabu tangi lenyewe, na uzito huo wote hukaa katika eneo la takriban mita moja ya mraba. Kwa kawaida wahandisi hukadiria sakafu ya chumba cha kuishi kwa mzigo wa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, lakini dari isiyo ya kukaliwa hukadiriwa kwa kilo 25 tu, yaani jipsamu, taa, na fundi wa umeme anayepita kwa tahadhari. Tangi hilo basi ni mara 40 ya mzigo uliokusudiwa. Kenchi nayo, yaani fremu ya mbao inayoshika paa, imepangwa kubeba bati na kuhimili upepo, ambao hapa Dodoma ni mkali hasa wakati wa kiangazi. Ubao wake wa chini uko pale ili kuzuia miguu ya paa isitanuke, wala haukuwekwa kwa ajili ya kubebeshwa mzigo katikati.

Njia sahihi ni kuweka boriti za pekee, zisizogusa kenchi wala dari, zinazolala kutoka ukuta hadi ukuta na kushusha uzito hadi kwenye msingi. Ukuta unaofaa ni ule uliojengwa juu ya msingi wake na kufungwa juu kwa linta ya zege yenye nondo. Vyumba vingi vya nyumba zetu vimegawanywa baadaye kwa tofali zilizopangwa juu ya sakafu tu, na ukuta wa namna hiyo usihesabiwe hata kama unaonekana imara. Mahali pazuri kuliko pote mara nyingi ni juu ya bafu au korido, kwa sababu kuta zake ziko karibu: boriti ileile, chini ya tangi lilelile, ikivuka mita 3 badala ya mita 1.5 hulemewa zaidi ya mara mbili na nusu, na kunepa kwake hukua kwa kasi kubwa zaidi ya hapo.

Katika kuchagua mbao, kimo cha ubao kina maana kuliko wingi wa mbao. Mbao mbili za inchi 2×4 zikiunganishwa ubavu kwa ubavu huongeza nguvu mara mbili, ilhali ubao mmoja wa 2×8 uliosimamishwa wima una nguvu mara nne ya 2×4 moja na ugumu wa kutonepa mara nane. Fundi akiulaza ubao huohuo, faida hiyo yote hupotea, na jambo hili tunalikuta mara nyingi mno. Mbao ziwe kavu, zisizo na vifundo vikubwa katikati, na zilizotiwa dawa, kwa maana mchwa wa huku hawachelewi. Kati ya boriti pigiliwe vipande vya kuzizuia zisilale, na juu yake uwekwe ubao mzito usio na mianya, kwa kuwa tangi la plastiki likikaa kwenye mbao zilizoachana, kitako chake huzama katikati na hatimaye hupasuka. Dodoma imo katika ukanda wa Bonde la Ufa na mitetemo ya ardhi husikika, hivyo tangi lizungushiwe fremu ya kulizuia lisiteleze pale maji yanapoyumba. Bomba la kumwaga maji yaliyozidi litoke nje ya nyumba.

Idadi na ukubwa wa boriti upangwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aliyeiona nyumba yenyewe. Akisema kuta hazifai, mnara wa nje ni nafuu kuliko paa jipya, tena huongeza msukumo wa maji bombani.

Aliyekwisha kuweka tangi juu ya kenchi alipunguze maji hadi robo leo hii, kisha aangalie nyufa za jipsamu, mlango ulioanza kukwama, na mstari wa bati uliopinda. Asisimamishe mti chini ya dari kama tegemeo la kudumu, kwani sakafu nyembamba isiyo na msingi chini yake itatitia. Boriti mpya zikishawekwa, tangi lijazwe robo kwa robo, huku uzi ukivutwa chini ya boriti ili kupima zinavyonepa, na upimaji urudiwe baada ya miezi michache, kwa sababu mbao zinazobeba uzito wa kudumu huendelea kunepa taratibu hata pale mzigo usipoongezeka.