Urithi katika programu si mirathi

Juma lililopita nilikaa na vijana watatu jijini Kampala kupitia msimbo wa programu wanayoitengeneza kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo, na kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja nikasikia kauli ile ile: “Risiti imerithi Hifadhidata, kwa hiyo inapata methodi zote za kuhifadhi bila sisi kuziandika upya.” (Risiti na Hifadhidata ni sehemu mbili za programu yao, na methodi ni kitendo kilichoandikwa ndani ya sehemu kama hiyo ili kiitwe kinapohitajika.) Aliyeisema alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa siku nzima ya kazi, na kusema kweli programu yake ilikuwa ikifanya kazi. Sikumkatiza. Nilirudi nyumbani nikilifikiria lile neno “imerithi”, maana naona kosa si la kijana peke yake. Sehemu kubwa ni ya neno tulilomkabidhi.

Kwanza maana, kwa haraka, kwa kuwa msomaji wa makala haya bila shaka amekwisha kuandika programu mbili tatu. Klasi ni maelezo ya aina fulani ya kitu: kinahifadhi data gani na kinaweza kutenda nini. Objekti ni kimoja kati ya vitu hivyo, chenye data zake chenyewe katika kumbukumbu ya kompyuta. Klasi Akaunti ni moja, lakini wanachama mia nne wana objekti mia nne za Akaunti. Kufungia ni kuziweka data ndani ya objekti ili zibadilishwe kwa methodi zake tu, hata salio lisipungue bila kupitia methodi ya kutoa fedha. Kudhahanisha ni kumwonyesha mtumiaji kile anachohitaji na kumfichia namna kinavyofanyika. Umbo-nyingi ni wito mmoja kujibiwa kwa njia tofauti kulingana na objekti iliyoitwa. Urithi ni kuitangaza klasi moja, iitwayo mtoto, kuwa aina mahususi ya klasi nyingine, iitwayo mzazi, na hivyo kuipa methodi za mzazi huyo. Ninaomba tukae na huu wa mwisho.

Neno urithi, pamoja na ndugu zake mrithi na mirathi, lilitufikia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba tangu zamani picha moja iliyo wazi: mtu amefariki, ameacha mali, na walio hai wanagawana. Ukimtajia Mswahili urithi, anafikiria shamba, nyumba na ugomvi wa ndugu. Picha hiyo ikiingia katika programu huharibu karibu kila kitu. Klasi mzazi haifi. Inaendelea kuishi, tena inaendelea kubadilika, na kila inapobadilika watoto wake wote hubadilika nayo hata kama waliandikwa miaka mitano nyuma na mtu aliyekwisha hama kazi. Mali yake haigawanywi, kwa kuwa kila mtoto anapata yote. Halafu mrithi wa kawaida anaweza kukataa sehemu ya mirathi, ilhali katika lugha ya programu kama Java klasi mtoto haina uwezo wa kuikataa methodi ya wazi ya mzazi wake. Inaweza kuiandika upya kwa namna yake, lakini methodi itabaki pale, na yeyote atakayeiita atajibiwa. Kijana anayefikiria mirathi atajiuliza “nitapata nini kwa mzazi huyu?” ilhali swali alilopaswa kujiuliza ni “je, mimi ni mmoja wa aina hii?”

Desturi ya Buganda ingetusaidia zaidi kuliko neno letu. Katika kwabya olumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba, omusika, yaani mrithi, hakabidhiwi mali tu. Anasimamishwa mahali pa marehemu, na watoto wa marehemu wanaweza kumwita baba hata kama kwa umri ni mdogo wao. Hapo kiini ni nafasi: anaitika jina, na anabeba wajibu wa yule aliyeondoka. Ukiacha kwamba katika programu hakuna aliyekufa, kusimama mahali pa mwingine ndiko hasa kunakotakiwa kwa klasi mtoto.

Inafaa kukumbuka kwamba waliobuni jambo hili hawakuliita urithi. Klasi na objekti kwa maana tunayoitumia leo zilianzia katika lugha ya programu ya Simula 67, iliyoundwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika kituo cha kompyuta cha Norway mjini Oslo. Kazi yao ilikuwa kuiga kwenye kompyuta mambo ya ulimwengu halisi, hasa yale yenye foleni, na mmoja wa mifano iliyowashughulisha ulikuwa wa daraja la kulipia ushuru ambako malori na mabasi husubiri zamu. (Anayelipa ushuru njiani kwenda Entebbe ameuona mfano huo kwa macho yake.) Lori lina mambo yake na basi lina yake, lakini kwenye foleni vyote ni vyombo vinavyosubiri, na msimbo wa foleni haupaswi kujali ni kipi kimefika mbele. Suluhisho lao lilikuwa kuliandika jina la klasi ya jumla mbele ya klasi mahususi, na kitu hicho kinachotangulia wakakiita kwa jina ambalo mwanafunzi yeyote wa sarufi ya Kiswahili analifahamu: kiambishi awali.

Nilipolijua hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Wanorwe wawili, ambao lugha yao haina ngeli kama zetu, walifika mahali ambapo Mbantu amekaa tangu azaliwe. Walimu wa Kiswahili hufundisha kwamba neno ngeli lenyewe limetoka katika Kihaya kwa maana ya aina, na anayejua Luganda hatahitaji kushawishiwa sana, kwani Waganda wana engeri, yaani namna. Ndiyo sababu huwa sifurahii kuona klasi ikitafsiriwa kama darasa. Darasa ni chumba chenye madawati, au watu waliomo. Hakuna mwanafunzi aliyeundwa kutokana na darasa lake. Kama ni lazima tutafsiri, ngeli ingekaa vizuri zaidi, ingawa nakubali kwamba vita hivyo nimekwisha kushindwa na hapa nimeandika klasi kama kila mtu.

Tazama ngeli inavyofanya kazi. Nikikupa sentensi isiyo na mwanzo, “… kimevunjika”, unaweza kuijaza kwa kiti, kikombe, kijiko au kioo, na kila mara sarufi itasimama. Kitenzi hakijui ni kitu gani kilichovunjika wala hakihitaji kujua. Kinajua ngeli tu. Huko ndiko kupokezana nafasi, na ndiko alikokueleza mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov mwaka 1987 aliposema, kwa maneno yangu, kwamba objekti ya aina ndogo inapaswa kuweza kuwekwa mahali popote inapotarajiwa objekti ya aina kubwa, bila programu inayoitumia kuharibika. Sasa jaza sentensi ile ile kwa neno kijana, ukabadili kitenzi: “kijana kimefika.” Sikio linakataa. Kijana ana ki- mwanzoni, wingi wake ni vijana, kwa umbo hana tofauti na kijiko, lakini tunasema “kijana amefika”, kwa kuwa upatanisho wake ni wa viumbe hai. Vivyo hivyo kiongozi, kipofu na kiziwi. Wenzetu wenye Luganda kinywani huteleza hapa kwa sababu ya haki kabisa, kwani kwao ekisolo, yaani mnyama, hukifuata kiambishi chake mpaka mwisho wa sentensi. Kiswahili kinasema: vazi la ngeli halikufanyi kuwa wa ngeli hiyo.

Kijana wetu na Risiti yake amefanya kosa hilo hilo. Ameivalisha Risiti vazi la Hifadhidata. Je, mahali popote programu inapotarajia hifadhidata tunaweza kuweka risiti? Tukiiambia risiti “funga muunganisho” au “futa jedwali la wanachama”, itatii, kwa sababu methodi hizo imezipata zote. Siku moja mtu atakayekuja baadaye ataziona katika orodha ya mambo ambayo risiti inaweza kufanya, na atazitumia.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Tuseme umeandika klasi Boda, ukaipa methodi ya kubeba abiria na ya kujaza mafuta, kwa sababu boda zote unazoziona barabarani ni pikipiki. Umesahau kwamba jina lenyewe lilianza na baiskeli zilizovusha watu na mizigo pale Busia, kutoka mpaka hadi mpaka, na kwamba baiskeli za abiria hazijatoweka. Mteja anakuomba uongeze baiskeli. Unaandika BodaYaBaiskeli kama mtoto wa Boda, na ndani ya methodi ya kujaza mafuta unatupa hitilafu, yaani unaiagiza itangaze kosa badala ya kufanya kazi, kwa kuwa hakuna pa kuyamimina. Jioni, programu inapopita boda moja moja ikikokotoa mafuta ya siku, inaanguka inapofika kwenye baiskeli. Baiskeli haina hatia. Ni Boda iliyoahidi kwa niaba ya watoto jambo ambalo si wote wanaliweza, na ingetosha kuihamisha methodi ya mafuta kwenye BodaYaPikipiki. Boda za umeme, zinazobadilishiwa betri, zingekuuliza swali hilo hilo.

Wala hili si kosa la wanagenzi. Java ilipotoka katikati ya miaka ya 1990 ilikuja na klasi iitwayo Stack, ambayo ni mrundiko: kilichowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Walioiandika waliifanya mtoto wa Vector, ambayo ni orodha ya kawaida, ili ipate methodi za kuhifadhi zilizokwisha andikwa. Matokeo yake ni kwamba mpaka leo unaweza kuchomeka kitu katikati ya mrundiko, jambo ambalo mrundiko haupaswi kuliruhusu kamwe, na haliwezi kuondolewa bila kuvunja programu za watu. Maelezo rasmi ya Java yenyewe sasa yanashauri kutumia Deque, foleni yenye ncha mbili, badala yake. Alan Kay, aliyebuni jina la programu za kiobjekti, aliiacha lugha yake ya Smalltalk ya mwaka 1972 bila urithi kabisa. Uliingizwa katika toleo la 1976. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa na objekti zinazoishi na kuitana vizuri bila klasi hata moja kuwa mtoto wa nyingine.

Kilichomkosesha kijana wetu ni silabi moja ambayo Kiswahili kimempa bure. Kuna “kuwa”, halafu kuna “kuwa na”. AkauntiYaAkiba ni akaunti. Gari lina injini. Hakuna mtu anayesema gari ni injini kwa sababu tu gari linahitaji nguvu za injini, na hakuna aliyewahi kupendekeza gari liirithi injini ili lipate kuwaka. Kitu kikihitaji kazi ya kingine, kinakuwa nacho: unakihifadhi ndani kama sehemu, unakiita kinapohitajika, na unawaonyesha watu wa nje methodi zile tu ulizokusudia. Faida yake inaonekana siku ya kubadilisha. Chama kikihama kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine, Risiti iliyo na hifadhi inapewa hifadhi mpya. Risiti iliyotangazwa kuwa hifadhidata inabidi izaliwe upya.

Niliporudi kwa vijana wale siku ya pili nilimwambia yule mmoja: “Mdogo wangu, programu yako inafanya kazi, kwa hiyo usiifute. Ondoa tu lile neno extends, linalotangaza urithi, kwenye Risiti, uipe Hifadhidata kupitia konstrakta yake, yaani pale objekti inapoundwa, na uiachie methodi mbili: kuhifadhi na kuchapisha. Ukimweleza mwenzako, sema Risiti inatumia Hifadhidata. Neno kurithi waachie AkauntiYaAkiba na Akaunti.”

Alikubali, akaandika, kisha akauliza: “Na Mwanachama je, mzee? Tumemfanya mtoto wa Mtumiaji.” Nikamuuliza kama kuna mwanachama asiyeingia kwenye mfumo. Akafikiri kidogo, akasema wapo, tena wengi: wazee wanaokuja ofisini na daftari zao wakawekewa muhuri, na wengine hawana hata simu. “Basi huyo si Mtumiaji,” nikamwambia. “Huenda siku moja akawa na Mtumiaji.”