Kobe wa maji anayeuma: mshike kidogo, gamba lake litunze vizuri

Wengi wanaotuletea kobe wa maji hufika na plasta kidoleni, na swali lao la kwanza ni namna ya kumzoesha asiume. Jibu langu huwavunja moyo: mshike mara chache. Kobe hana meno, ila kingo za mdomo wake ni kali, zimeumbwa kwa kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Akinyanyuliwa, miguu inakosa pa kukanyaga, na kwake yeye anayemnyanyua hivyo ni adui aliyekuja kumla. Wengine huuma kwa njaa tu: ukimlisha kwa mkono, kidole na kipande cha samaki havina tofauti machoni pake. Tumia kibano.

Ikibidi kumshika, mwendee kwa nyuma. Kamata gamba pande zote mbili karibu na miguu ya nyuma, vidole gumba juu, vingine chini ya tumbo. Ataanza kupiga kasia hewani na kukuparuza. Hapo ndipo mtu humwachia, akaanguka, gamba likapasuka. Mimi huwaambia watu wavae glavu kwa ajili ya kucha, si kwa ajili ya mdomo. Chuchumaa, na chini pawe na taulo.

Wapo wenye shingo ndefu ajabu, hasa kobe wa gamba laini, ambao mdomo wao hukufikia hata ukiwashika ubavuni. Hao wazamishie beseni majini, uwasukume taratibu waingie. Usimnyanyue kobe kwa mkia kamwe. Mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo.

Akishakung'ata, usivute. Ukivuta anakaza na nyama inachanika. Mrudishe majini pamoja na mkono wako, utulie. Mara nyingi akiyahisi maji huachia akakimbia. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na likiwa la kina nenda hospitali. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara na homa, hata akiwa mzima wa afya, kwa hiyo nawa kila baada ya kumgusa, vyombo vyake visioshewe jikoni, na watoto chini ya miaka 5 wasimshike. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu ya watoto walioambukizwa.

Sasa gamba. Watu hulichukulia kama nyumba anayoibeba, kumbe ni mwili wake: mifupa zaidi ya 50 iliyoungana na mbavu na uti wa mgongo, tena ina neva. Ukilikuna, anahisi. Kuna aliyeletwa kwetu aking'aa kama kiatu kipya, maana mwenyewe alikuwa akimpaka mafuta ya kupikia kila wiki. Tulipoyafuta tukakuta madoa meupe, laini, yenye harufu ya kuoza.

Gamba hutunzwa na maji yanayochujwa na mahali pakavu pa kuotea, penye joto la nyuzi 30 hadi 35, apande akauke kabisa, juu yake kukiwa na taa ya UVB, yaani inayotoa miale ya urujuanimno kama ile ya jua. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haitumiki ipasavyo, na gamba hulegea. Kioo huizuia, kwa hiyo jua la dirisha lililofungwa halimsaidii. Balbu nayo huisha nguvu ingali inawaka. Ibadilishe kila miezi 6 hadi 12.

Mwani ukiota kwenye gamba, usugue kwa mswaki laini, basi. Wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho hubambuka vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Ni kukua huko, usivibandue kwa nguvu. Kilichobaki chini kikiwa laini, chekundu au kinanuka, huo ni ugonjwa.

Gamba likipasuka usilitie gundi, utafungia vijidudu ndani. Funika kwa shashi safi, mweke nje ya maji ndani ya boksi lenye taulo, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na mwambie daktari mapema kwamba anauma.