Topazi: kito kinachobebeshwa sifa zisizo zake

"Topazi ni ya manjano." Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Topazi safi kabisa haina rangi. Ni madini ya alumini, silika na florini, angavu kama maji. Rangi huja pale chembe ngeni au kasoro ndogo zinapoingia katika muundo wake. Kwa hiyo ipo ya manjano, kahawia, samawati iliyopauka, waridi na, kwa nadra sana, nyekundu. Uwaridi na wekundu huo huletwa na kromi. Inayotukuzwa zaidi ni topazi ya kifalme, yenye rangi ya chungwa iliyoingiliana na uwaridi, na chimbuko lake mashuhuri ni Ouro Preto, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili.

Dhana hii ina hasara mbili. Mtu huikataa topazi halisi kwa kuwa si ya manjano, kisha akanunua sitrini, ambayo ni aina ya kwatzi, madini mengine kabisa, akiamini amepata topazi. Hata inayoitwa "topazi ya moshi" ni kwatzi tu. Jicho peke yake halitoshi kuzitenganisha, ila uzito hausemi uongo: msongamano wa topazi ni takriban gramu 3.5 kwa kila sentimita ya ujazo, wa kwatzi ni 2.65. Almasi nayo ina kisa chake. "Almasi ya Braganza" ya wafalme wa Ureno, iliyotajwa kuwa na karati 1,680, inaaminiwa na wataalamu wengi kuwa ilikuwa topazi isiyo na rangi.

"Bluu ile iliyokolea imetoka hivyo ardhini." Hapana. Bluu ya asili ipo, lakini ni adimu na kwa kawaida ni hafifu. Karibu bluu yote iliyokolea inayouzwa ilianza ikiwa topazi isiyo na rangi, ikapigwa mionzi, kisha mara nyingi ikapashwa moto. Hutumika miale ya gama, mashine za kuharakisha elektroni, au kinu cha nyuklia, ambacho ndicho huzaa bluu nzito inayouzwa kwa jina la London.

Hapo huzuka hofu: je, kito hicho kitamdhuru mvaaji? Topazi iliyopita kwenye kinu cha nyuklia huweza kweli kubaki na mnururisho, yaani kuendelea kutoa mionzi, na ndiyo maana huwekwa kando mpaka upungue kufikia kiwango salama kabla ya kuuzwa. Nchini Marekani kazi hiyo husimamiwa kwa leseni. Bluu yenyewe hudumu. Mimi sioni ubaya wowote katika ufundi huu; ubaya uko kwa muuzaji anayeuficha. Ile ya rangi za upinde wa mvua ni habari nyingine: imepakwa utando mwembamba sana, na utando huo huchubuka.

"Nguvu zake zimethibitishwa tangu kale." Ulaya iliamini kwa karne nyingi kwamba topazi hutuliza hasira na kuvunja uchawi. Nazipenda simulizi hizo kama urithi, lakini hakuna kipimo kilichozithibitisha. Isitoshe, jiwe lililoitwa topazi zama za kale lilihusishwa na kisiwa cha Zabargad katika Bahari ya Shamu, na kito cha kisiwa hicho ni peridoti ya kijani. Hata orodha ya kisasa ya vito vya miezi ya kuzaliwa, inayoipa Novemba kito hiki, ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912.

"Ni ngumu, basi haivunjiki." Hapa ndipo wenye pete huumia. Kwenye kipimo cha Mohs topazi iko 8, yakuti 9, almasi 10. Kipimo hicho hupima ustahimilivu wa kukwaruzwa tu. Kugongwa ni jambo jingine kabisa. Topazi ina mpasuko kamili upande mmoja, na pigo likiangukia mwelekeo huo jiwe hugawanyika kwa ubapa laini. Wachongaji huliogopa bapa hilo, hivyo huinamisha kidogo nyuso za kito ili zisilandane nalo. Mvaaji naye aivue pete kabla ya kazi za mikono, aepushe kito na joto la ghafla, mvuke na mashine za kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na brashi laini vinatosha.