Kasi ya treni ya mjini haitokani na injini peke yake
Wengi wetu tuliozoea kuiona treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ikiingia Dodoma, ambayo hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, tunaamini kwamba treni nyepesi ya mjini, ile inayopita barabarani pamoja na magari, ikichelewa, dawa yake ni kununua mabehewa yenye kasi zaidi. Dhana hiyo inaeleweka. Hata hivyo, pale vituo vinapoachana kwa mita 600, treni hulazimika kufunga breki muda mfupi tu baada ya kushika kasi, hivyo kupandisha kikomo cha kasi kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa huokoa takriban sekunde 4 tu kati ya kituo na kituo. Muda mwingi hupotelea kwenye taa nyekundu na milangoni, ambako abiria mmoja anayetafuta chenji ngazini huwachelewesha wote. Ndiyo maana miji mingi huipa treni kipaumbele kwenye makutano na huuza tiketi kabla ya abiria kupanda. Anayetaka kuhakikisha apande daladala, ambayo nayo husimama kwenye taa na vituoni, kutoka Sabasaba hadi Nane Nane jijini Dodoma, saa ya simu ikiwa mkononi, aandike muda wa kusimama kando na muda wa kwenda; tena arudie siku kadhaa, kwa kuwa safari moja haionyeshi kama usafiri unategemeka.