Dodoso la Ubora wa Maisha: Linapima Nini na Lijibiwe Vipi?

Kwa nini niulizwe kuhusu maisha yangu wakati vipimo vya maabara vipo?

Wagonjwa wawili wa kisukari wanaweza kuwa na kiwango kilekile cha sukari katika damu, lakini mmoja akawa analala vizuri na kufanya kazi zake, huku mwenzake akikesha kwa ganzi ya miguu na hofu ya kukosa fedha za dawa. Tofauti hiyo haionekani maabara, na anayeijua ni mgonjwa mwenyewe; ndiyo maana huulizwa kwa dodoso, yaani orodha ya maswali kuhusu maisha yake. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaeleza afya kuwa ni hali njema kamili ya mwili, akili na jamii, wala si kutokuwa na ugonjwa tu.

Maswali yenyewe yakoje?

Dodoso la shirika hilo, WHOQOL-BREF, lina maswali 26 kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu huchaguliwa kati ya 1 na 5. Mawili ni ya jumla. Yaliyobaki yanahusu mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Mazingira ndiyo yenye maswali mengi kuliko sehemu nyingine, yaani manane, yakiwemo ya usalama, makazi, fedha, usafiri na upatikanaji wa huduma za afya. Na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa dawa nzuri haimfai mtu asiye na nauli ya kuifuata.

Je, dodoso lililotungwa ugenini linatufaa?

Linafaa likifanyiwa kazi ipasavyo. Dodoso la SF-36, dodoso jingine la afya lililotungwa Marekani, linapouliza kuhusu kazi za nguvu za wastani hutoa mfano wa kucheza gofu, ambao haumwambii lolote mama anayechota maji kisimani. Kwa hiyo watafsiri hutafuta shughuli inayohitaji nguvu zinazolingana, mtu mwingine huirudisha tafsiri katika lugha ya awali ili zilinganishwe, kisha watu wa kawaida huulizwa wameelewa nini. Toleo la Kiswahili la SF-36 lilijaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999.

Ndugu yangu anaweza kunijibia?

Ikiwa unaweza kujibu mwenyewe, asikujibie. Hata kukaa karibu yako kunaweza kukufanya ufiche jambo, hasa kwa kuwa swali moja la WHOQOL-BREF linahusu tendo la ndoa. Msaili akikusomea maswali mbele ya mkweo au watoto, una haki ya kuomba mahali pa faragha.

Alama zangu zikiwa chini, nina ugonjwa?

Si lazima. Dodoso halitambui ugonjwa. Manufaa yake makubwa ni kulinganisha alama zako za kabla na baada ya matibabu. Soma kwa makini, kwani katika maswali matatu, likiwemo la mwisho linalouliza ni mara ngapi umekuwa na huzuni, wasiwasi au kukata tamaa, 5 huonyesha hali mbaya, tofauti na maswali mengine ambako 5 ni hali nzuri. Ukijikuta umechagua 5 hapo, usisubiri alama zijumlishwe: mweleze mhudumu wa afya papo hapo.